Kutoka mashimo ya Rosterman hadi mashamba ya Tongaren

Sisi watu wa pwani tunalo neno la mji uliokimbiwa na wenyewe: mahame. Gedi ni mahame. Kilwa Kisiwani, pamoja na msikiti wake mkuu na kasri ya Husuni Kubwa, ni mahame, ijapokuwa kijiji cha wavuvi kingalipo pembeni. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji umestawi, na neema ile ilitokana kwa sehemu kubwa na dhahabu ya bara ya Sofala. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilipita tu mikononi mwa wafanya biashara wake. Wareno walipouvamia mji mwaka 1505 na kuitia mkononi njia ya Sofala, neema ikaanza kutoweka, na watu nao wakafuata.

Bara ya Kenya nako kuna mahame ya dhahabu, ila yetu huku tunayajua zaidi kwa sababu watalii huyapiga picha. Yale ya bara hayana kuta za matumbawe wala mihirabu. Yana mashimo. Yako Kakamega, mahali paitwapo Rosterman, na habari yake haiwezi kuelezwa sawasawa bila kuitaja Kitale, wala bila kwenda hadi Tongaren katika kaunti ya Bungoma, ambako hapajapata kuchimbwa dhahabu ya kutajika hata kidogo. Huko ndiko iliko nusu ya pili ya kisa.

Kwa nini tuyafukue mambo ya miaka tisini na zaidi? Kwa sababu mwaka 2025 jina la Kakamega lilirudi magazetini kwa dhahabu. Kampuni ya Shanta Gold, iliyonunua haki za kutafuta madini magharibi ya Kenya mwaka 2020, ilitoa mpango wa kufungua mgodi wa chini kwa chini Isulu na Bushiangala, sehemu za Ikolomani, na mpango huo unataka familia kwa mamia ziondoke mahali zinapoishi. Wenyeji wengi walikataa. Mkutano wa hadhara uliofanywa mwezi wa Desemba mwaka huo ulivunjika kwa vurugu. Aliyesoma habari zile akiwa Mombasa au Malindi huenda alidhani ni jambo jipya. Si jipya. Babu za watu hao hao, katika vilima hivyo hivyo, waliwahi kuambiwa maneno yaleyale, na yaliyowapata yameandikwa.

Tuanze Kitale. Mji huo ni wa walowezi tangu siku yake ya kwanza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kizungu waliotoka vitani mashamba katika nchi ya Trans Nzoia, kwa mpango ulioanza mwaka 1919. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 ilikuwa tayari imewapa Wazungu hati za miaka 999, muda ambao mtu akiuhesabu hucheka. Reli ikafika Kitale mwaka 1926 na mahindi yakapata njia ya kushuka Kilindini. Upande ule wa Tongaren na Naitiri nao ulikuwa ndani ya mashamba hayo ya Wazungu. Pana mahali huko paitwapo Brigadia mpaka leo, na msomaji hana haja ya kutafsiriwa.

Mambo yakageuka mara moja. Bei za mazao zilianguka ulimwenguni kote kuanzia mwaka 1929. Nzige walikuwa wameivamia nchi tangu 1928. Mahindi yakawa hayalipi hata gharama ya gunia na nauli ya gari la moshi, na mlowezi aliyekopa benki akajikuta ana ekari elfu na hana shilingi. Hapo ndipo, mwaka 1931, mlowezi mmoja mwenye asili ya Marekani, L. A. Johnson, aliyekuwa akilima upande wa Turbo, alipoikuta dhahabu katika mito ya Kakamega. Mwezi Septemba mwaka huo huo Uingereza ikaacha kuifunga pauni yake na dhahabu, na bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Kwa hiyo, wakati kila kitu alichokilima mlowezi kilikuwa kinashuka, kilipatikana kitu kimoja kinachopanda, tena umbali wa siku moja tu kwa gari.

Wakaja. Walitoka Kitale, Eldoret, Nakuru, na kutoka mbali zaidi. Mashamba yakaachiwa wanyapara, nao mabwana wakaenda kulala katika mahema kando ya vijito vya Kakamega, na karai mkononi. Kazi ya mwanzo haikuhitaji elimu kubwa. Mchanga wa mtoni hutiwa katika karai na maji, ukatikiswa kwa mzunguko mpaka mchanga mwepesi umwagike na dhahabu, kwa uzito wake, ibaki chini. Mtu akipata dalili hupiga vigingi vyake vinne na kwenda kuandikisha kitalu. Kwa miaka michache kambi ya Kakamega ikawa mji wa mbio: maduka ya Wahindi, mabaa, mahoteli ya mabati, magari yaliyokwama matopeni, na Mwafrika wa pale akiuza ndizi, mayai na kuni kwa bei ambayo hajapata kuiona. Kusema kweli, si kila mwenyeji aliichukia kambi ile. Kodi ya kichwa ilikuwa ikidaiwa hata mwaka wa nzige, na maelfu walipata kazi ya mshahara bila ya kupanda gari la moshi kwenda mbali na kwao.

Lakini kambi ile ilisimama juu ya ardhi ya nani? Hapa ndipo penye uzito.

Mlowezi wa Kitale alikuwa na shamba lake ndani ya nchi iliyotengewa Wazungu, ambamo Mwafrika haruhusiwi kumiliki hata pembe ya uwanja. Upande wa pili wa mpaka palikuwa na rizavu ya Kavirondo ya Kaskazini, nchi ya Waluhya, ambamo Mzungu naye hakupaswa kuingia kujichukulia ardhi. Huo ndio uliokuwa msingi wa mambo katika koloni lile, na Waafrika waliambiwa waridhike nao kwa sababu unawalinda. Tena mwaka 1930 serikali ilipitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji, iliyotamka kuwa rizavu ni za makabila yao milele. Ikaongeza kinga mbili. Ya kwanza, kama kipande cha rizavu kikitakiwa kwa kazi ya serikali au jambo jingine la manufaa, basi kipande kingine cha ukubwa na thamani sawa kiongezwe kwenye rizavu: ardhi kwa ardhi. Ya pili, baraza la wenyeji liulizwe kwanza.

Sheria ile ilitangazwa kwa mbwembwe nyingi. Maofisa waliisoma barazani. Wazee waliambiwa mpaka huu hautavukwa tena.

Mwaka mmoja baadaye Johnson akapata dhahabu yake.

Mwezi Desemba 1932, Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi liliibadilisha sheria hiyo kwa haraka. Ardhi iliyotakiwa kwa ajili ya migodi iliweza sasa kutolewa katika rizavu kwa muda, bila ya kuongezwa ardhi nyingine badala yake na bila ya lazima ya kuuliza baraza la wenyeji. Mwenye shamba angelipwa fedha. Gavana alikuwa Sir Joseph Byrne, na waziri wa makoloni aliyeliridhia jambo hilo London alikuwa Sir Philip Cunliffe-Lister. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba machimbo ni ya muda, kwamba ardhi itarudi, na kwamba hakuna ardhi ya bure karibu ya kuwapa watu badala ya ile yao. Hoja hiyo ya mwisho ilikuwa ya ajabu, kwa maana kaskazini tu ya hapo, katika Trans Nzoia, palikuwa na ekari kwa maelfu zilizoota magugu, na wenye hati zake wako Kakamega na makarai.

Kelele zilipigwa, tena mpaka Uingereza. Mwezi Februari 1933 jambo hilo lililetwa katika Baraza la Malodi, na Lord Lugard, mtu ambaye hakuna awezaye kumshuku kuwa adui wa ukoloni, akawa miongoni mwa walioilaumu serikali kwa kuvunja ahadi. Askofu Mkuu wa Canterbury naye akasema. Huku nyumbani Archdeacon Owen, mmisionari wa Nyanza aliyezoea kuandikia magazeti, hakunyamaza. Wenyeji wenyewe walianza kujipanga, na chama cha North Kavirondo Central Association kilizaliwa katika miaka hiyo, hofu ya ardhi na dhahabu ikiwa ni moja ya sababu zake kubwa. Tume ya Ardhi chini ya Sir Morris Carter, iliyokuwa ikizunguka nchini tangu 1932, ikatakiwa nayo ilitazame suala la Kakamega. Ripoti yake ilitoka mwaka 1934. Sheria haikurudishwa ilivyokuwa.

Nataka msomaji aitazame vizuri tarehe hizo. Neno milele lilidumu tangu 1930 mpaka 1932. Wala sheria haikubadilishwa kwa sababu mwenyeji amekosa au ameshindwa kuitumia ardhi yake. Ilibadilishwa kwa sababu kilichokuwamo ardhini kimepanda bei.

Kwa sheria ya Kiingereza dhahabu ilikuwa ni ya Mfalme popote ilipo, na mwenye shamba hana lake ila udongo wa juu. Wazee wa Kakamega hawakuweza kulifahamu jambo hilo, na sidhani kuwa shehe yeyote wa pwani angelifahamu upesi. Katika fiqhi ya Imamu Shafii, madini yaliyomo ndani ya ardhi ya mtu ni mali yake, na haki iliyomo juu ya dhahabu hiyo ni zaka, fungu moja katika arubaini, ikifika kiwango. Wanavyuoni wa Kimaliki wana kauli nyingine iliyo karibu zaidi na ile ya dola. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hata jambo la nani mwenye kilicho chini ya ardhi halikuwa wazi kwa watu wote duniani. Lilikuwa ni uamuzi wa wenye nguvu, ukavikwa joho la kanuni ya kale.

Na huko Kakamega Waislamu walikuwapo. Kabla ya Kakamega kuwa makao ya wilaya mwaka 1920, makao yalikuwa Mumias, kwa Nabongo Mumia wa Wanga, na Mumias ilikuwa kituo cha misafara ya watu wetu wa pwani tangu kabla ya Joseph Thomson kupita mwaka 1883. Pale Uislamu ulitia mizizi ambayo haijang'oka. Si vyema tukajisifia kupita kiasi, maana Wabukusu, jirani zao wa kaskazini, hawaikumbuki misafara ile kwa wema mtupu, na bunduki zilizofika nao ziliingia katika vita vilivyomalizikia ngome za Lumboka na Chetambe mwaka 1895, Wabukusu walipopigwa na majeshi ya Waingereza. Lakini mafungamano yapo. Anayedhani kuwa habari za Kakamega na Bungoma hazimhusu Mswahili ajue kuwa Kiswahili kilifika huko kabla ya bendera.

Tuirudie dhahabu. Dhahabu ya mtoni humalizika upesi, na ya Kakamega ilimalizika upesi. Iliyobaki ilikuwa ndani ya miamba, na mwamba hautaki karai. Unataka mashimo ya kwenda chini, pampu za maji, mashine za kusagia mawe, na madawa ya kuitenga dhahabu na jiwe. Hayo ni mambo ya mtaji. Mzungu wa hema, mwenye deni lake benki, akawa hana tena nafasi. Wakaja wenye makampuni. Kampuni kubwa ya Tanganyika Concessions ilijipatia eneo pana kupitia tawi lake la Kentan, ambalo lilikuwa na hisa pia katika dhahabu ya Geita, ng'ambo ya ziwa. Kampuni iliyodumu ilikuwa Rosterman Gold Mines, kando tu ya mji wa Kakamega, iliyoanza kutoa dhahabu katikati ya miaka ya 1930 na kuendelea mpaka 1952, ikiwa imetoa zaidi ya wakia laki mbili.

Kwa nini ilifungwa? Si kwamba dhahabu ilikwisha kabisa. Kama ingekwisha, Shanta isingekuwapo Ikolomani leo. Tangu mwaka 1934 Marekani iliifunga bei ya dhahabu kuwa dola 35 kwa wakia, na bei hiyo haikuachiwa mpaka 1971. Katika muda huo vita vikuu vilipita, bei ya vyuma, mafuta na vyakula ikapanda, mashimo yakaenda chini zaidi na maji yakaongezeka. Mgodi unaouza kwa bei ya 1934 na kununua kwa bei ya 1952 haudumu. Mashine zikafunguliwa na kuuzwa. Wazungu wakaondoka. Rosterman ikabaki jina la mtaa, na mashimo.

Ndugu zetu wa Tanganyika walikuwa na mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo huko Chunya, nyuma ya Mbeya, ambako dhahabu ya Lupa iliyogunduliwa mnamo 1922 ilijenga mji uliojaa watu wa kila taifa, na ambao ulipofika mwisho wa miaka ya 1950 ulibaki na nyumba tupu na milango inayogongwa na upepo. Chunya ilikuwa mahame kamili. Kakamega haikuwa hivyo, kwa sababu ilikuwa makao ya serikali na nchi yake ina rutuba na watu wengi mno. Ndiyo maana mahame yake yamejificha: mji uliendelea juu yake. Mvua kubwa ikinyesha, udongo hutitia, na wachimbaji wadogo wanaoshuka katika machimbo kwa kamba hufukiwa. Habari hizo si ngeni kwa wasomaji wa magazeti. Wanawake huketi wakiponda mawe kwa nyundo na kuyaosha kwa zebaki kwa mikono mitupu. Hao ndio warithi wa mbio za 1931.

Na walowezi je? Wengi walirudi Trans Nzoia na kulima. Dhahabu ilikuwa imewaokoa wachache kwa deni la mwaka mmoja au miwili, na biashara ya mjini Kitale na Eldoret ilipata nafuu. Kilichowaokoa hasa ni Vita Kuu ya Pili, serikali ilipohakikisha bei ya mahindi mwaka 1942. Kati ya 1942 na 1960 mashamba yale yaliona siku zake njema, na kazi ikafanywa na watu wa kutoka rizavu zilizobanana za Bungoma, Maragoli na Kabras, walioishi pembeni mwa shamba kwa ruhusa ya mwenye shamba na kufukuzwa kwa neno lake.

Baada ya mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1960, walowezi walijua kuwa miaka 999 imekwisha. Ndipo ukaja mpango wa ekari milioni, ulioanza mnamo 1962, wa kuwanunulia mashamba yao na kuyagawa kwa Waafrika. Fedha zilitoka Uingereza na kwingineko, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Takriban familia 35,000 zilipata makao kwa mpango huo katika Kenya nzima. Tongaren, Ndalu na Naitiri zikawa miongoni mwa skimu zake, na nchi hiyo iliyokuwa ya Wazungu wa Kitale ikaingizwa Bungoma. Marehemu Masinde Muliro alipigania mbele ya Tume ya Mipaka ya mwaka 1962 kwamba Kitale yenyewe iwe ya Magharibi. Kitale haikupatikana. Ukitoka Webuye kwenda Kitale leo, Tongaren iko upande wako wa kulia, nchi ya mahindi mpaka macho yachoke.

Basi tafakari haya. Mlowezi wa Kizungu alipewa shamba kwa bei ya kutupa, kwa miaka 999, na deni lilipomkaba akaruhusiwa kuchimba shamba la mtu mwingine. Mtoto wa yule mwingine, miaka thelathini baadaye, alikwenda Tongaren akatakiwa kulinunua kwa mkopo kipande cha ardhi hiyo ya mlowezi, alipe kwa miaka thelathini na riba ya asilimia sita na nusu, na akishindwa atishiwe kunyang'anywa. Bei aliyolipwa mlowezi ilihesabiwa kwa thamani ya soko. Hapana aliyeuliza ekari hizo zilipatikanaje mwaka 1919, na hapana aliyekumbuka kifungu kile cha ardhi kwa ardhi, ambacho kama kingeachwa kilivyo mwaka 1932, kingeilazimisha serikali kutafuta ardhi ya badala, na pa karibu palikuwa ni huku huku Trans Nzoia, wakati huo, bila deni.

Wala kugawa mashamba hakukumaliza mambo. Wasabaoti wana madai yao juu ya nchi hiyo, Wabukusu wana yao, na wengineo walioletwa na skimu wana hati zao mkononi. Mapigano ya 1991 na 1992 yaliwatoa watu majumbani katika Trans Nzoia na Bungoma, na yale ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008 yalikuwa mabaya zaidi, nayo yalianzia katika ugawaji wa skimu nyingine, ya Chebyuk. Ardhi ikishavurugwa mara moja, kila kizazi huirithi vurugu yake pamoja na hati.

Sasa tuje kwetu. Msomaji wa Kwale hahitaji kwenda Kakamega ili ayaone haya. Familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa kwa ajili ya titani. Kwanza ilikuja kampuni ya Tiomin kutoka Kanada, kisha Base ya Australia, iliyosafirisha shehena yake ya kwanza kupitia Likoni mwaka 2014. Mwezi Desemba 2024 mgodi ukafungwa, kwa kuwa mchanga wenye mali ulikwisha. Ulidumu miaka kumi na moja hivi, muda mfupi kuliko Rosterman. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema kuwa katika mrabaha unaolipwa serikali, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti, na 10 ya wenyeji wa mahali. Fungu hilo la kumi lilipiganiwa na watu wa Kwale kwa miaka, wakiambiwa kanuni za kulitoa hazijakamilika, huku meli zikipakia. Sipendi kuilinganisha serikali huru na ile ya Gavana Byrne, kwa maana leo mtu anaweza kwenda mahakamani na akasikizwa, na Katiba ya 2010 inaitambua ardhi ya jamii kwa jina lake. Ila madini yangali ni ya dola, kama yalivyokuwa ya Mfalme, na mwenye shamba angali analipwa kwa udongo wa juu.

Sisi wa pwani tuna udhaifu mmoja zaidi ya watu wa Ikolomani. Wao wengi wana hati za mashamba yao. Huku, Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi walete madai yao yaandikwe, na ardhi ambayo haikudaiwa kwa karatasi ikawa ya serikali. Waliojua kusoma na waliokuwa karibu na ofisi waliandikisha. Wamijikenda wengi hawakuandikisha, na wajukuu wao wanaitwa maskwota mahali walipozaliwa. Mtu asiye na hati akihamishwa na mgodi hulipwa mnazi, mwembe na nyumba ya makuti. Ardhi hailipwi, kwa kuwa kwa mujibu wa karatasi haikuwa yake.

Kwa hiyo watu wa Ikolomani wanapokataa kutoka, si haki kuwaita wapinga maendeleo, kama walivyoitwa babu zao. Fedha ya fidia si ndogo machoni siku inapohesabiwa mezani. Lakini mtu mwenye ekari moja na nusu Kakamega, katika nchi ambayo watu wake wamebanana kama dagaa, akipewa fedha atanunua wapi? Kwa jirani hapana. Atapanda kaskazini, Tongaren au Trans Nzoia, akanunue kwa bei ya juu kipande cha skimu kilichokwisha kugawanywa mara tatu baina ya ndugu, au atakaa mjini mpaka fedha imalizike. Kifungu cha mwaka 1930 kilikuwa na akili kuliko cheki yoyote. Anayetaka ardhi ya mtu kwa ajili ya mali iliyo chini yake na atafute kwanza ardhi nyingine iliyo sawa, aionyeshe, wenyewe waende waikague udongo na maji yake, kisha ndipo vigingi vipigwe. Kama ardhi hiyo haipatikani, hilo lenyewe ni jawabu.

Na jambo hilo litafika Kwale tena. Kilima cha Mrima, nyuma ya Msambweni, kina niobi na madini mengine adimu ambayo viwanda vya ulimwengu vinayatafuta kwa udi na uvumba. Kina pia msitu, na kaya za Wadigo. Leseni ya kampuni ya Cortec ilifutwa mwaka 2013, na kesi waliyoipeleka mbele ya mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia wakaishindwa mwaka 2018. Tangu hapo wamekuja wageni wengi kukitazama kilima, wengine kwa magari ya serikali. Hadi kufikia 2025 kilikuwa hakijachimbwa.